Kwa nini kanisa letu la Ubundu limeweka bede na kreyo katika sanduku la vitabu



Mwaka jana tulitumwa Kisangani kwa mkutano wa wachungaji. Kutoka Ubundu mpaka Kisangani, reli ni kilomita 125, lakini treni haikuwa na tarehe. Tukapanda pikipiki, wawili nyuma ya dereva mmoja, tukafika Lubunga na matope mpaka magotini, tukavuka mto kwa mtumbwi wa motere. Huko ng'ambo tukaambiwa mkutano umesogezwa mbele siku mbili. Mvua ikaanza. Karibu na pale tuliposhukia toleka kulikuwa na maktaba, tukaingia. Tuseme ukweli: tuliingia ili tusilowe, si kwa ajili ya kusoma.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye rafu tulizozoea: kamusi, tafsiri za Biblia, vitabu vya kufafanua nyaraka za Paulo. Vilikuwa na vumbi. Lakini rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, haikuwa na vumbi hata kidogo. Vitabu vyake vilikuwa vimechoka, vingine vimeshonwa kwa uzi wa nyavu, vingine havina jalada. Mtunzaji wa maktaba akatuambia kwamba vijana wakiingia pale wanainama kwanza. Wanatafuta vitu vitatu: bede, vitabu vinavyofundisha kuchora, na habari za maisha ya watu zilizosimuliwa na wenyewe. Tukainama sisi pia. Mlango ulipofungwa jioni, wachungaji wawili wenye suti walikuwa bado wameketi sakafuni.

Tunaandika haya kwa sababu makanisa kadhaa yametuuliza, mengine kwa upole na mengine bila upole, kama ni kweli kwamba sadaka ya Ubundu imenunua vitabu vya michezo. Ni kweli kwamba tumenunua. Kama ni vya michezo, hapo ndipo tunapoomba mtusikilize.

Bede ni nini

Bede ni kile ambacho wandugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaita katuni: hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizofuatana, kila picha ndani ya fremu yake, na maneno ya wasemaji yameandikwa ndani ya mapovu yanayotoka vinywani mwao. Unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unashuka, kama kitabu chochote. Fremu ndogo ndogo huharakisha mambo. Fremu kubwa inakusimamisha utazame.

Kazi yenyewe iko katika ile nafasi nyeupe kati ya picha moja na nyingine. Pale hakuna kitu kilichochorwa. Katika picha ya kwanza mama ameshika kisu na kuku yuko chini ya mkono wake; katika ya pili sufuria inachemka. Hakuna aliyechora kuku akichinjwa. Umemchinja wewe msomaji. Ndiyo maana mtoto ambaye Kifaransa chake ni cha kukwama kwama anaweza kuifuata bede mpaka mwisho: picha inamshika mkono, na yeye anaongeza kilichokosekana. Maneno asiyoyajua anayakisia kwanza, halafu anayajua. Tumeona katika ECODIM yetu watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya wengine wakati wa kusoma kwa sauti, sasa wanagombea kusoma povu la mtu mbaya, maana mtu mbaya ana maneno matamu kuliko wote.

Jambo ambalo hatukulijua, na tunaona haya kidogo kulisema, ni kwamba mmoja wa wachoraji wakubwa wa bede katika Afrika yote ni mtoto wa Kisangani. Barly Baruti alizaliwa pale mwaka 1959. Alipokuwa kijana alipata nafasi ya kujifunza Brussels katika studio ya Hergé. Mwaka 1990, pamoja na wenzake, alianzisha Kinshasa kituo cha kufundishia vijana kuchora, kinachojulikana kwa jina ACRIA. Mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa bede iitwayo Madame Livingstone, juu ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa Tanganyika, wakati Wabelgiji walipokuwa wakiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli ile ndiyo baadaye iliitwa Liemba, na wazee wengi wa Kalemie na Uvira wanaijua kwa macho. Kwa hiyo mtoto wa Ubundu akifungua bede anafungua kitu ambacho jirani yake alikifanya. Sisi tulikua tukifikiri bede zote zinatoka Ulaya.

Tena zile tulizokua nazo zilitoka Ulaya kweli. Wengi wetu bede ya kwanza kushika ilikuwa Tintin au Congo. Hergé aliichora kuanzia mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 23, bila kukanyaga Kongo. Watu wetu ndani yake wana midomo mikubwa na wanasema Kifaransa cha kuvunjika. Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto wa shule kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Toleo la rangi la mwaka 1946 lilibadilisha somo lile likawa la hesabu. Tulipokuwa watoto tulicheka. Siku ile maktabani tuliisoma tena, hatukucheka sana. Je, tuliiweka katika sanduku la kanisa? Tulibishana njiani kote wakati wa kurudi, pikipiki ikituruka chini. Mwishoni tuliiweka, lakini haisomwi peke yake: mkubwa anakaa na watoto na kuwauliza, huyu aliyechora alikuwa amesimama wapi alipotutazama? Mwenzetu mmoja katika huduma bado haafikiani na uamuzi huo, na hoja zake si nyepesi.

Kuhusu sanamu

Katika halmashauri ya kanisa mzee mmoja alisimama na amri ya pili mkononi. Tunamheshimu, ametushika mkono tangu tulipotoka shule ya theolojia. Alisema sisi Waprotestanti ni watu wa Neno, picha tuwaachie wengine.

Tulimjibu kwa Neno. Katika Kutoka 31, Bezaleli ni mtu ambaye tunasoma waziwazi kwamba amejazwa Roho wa Mungu, na alijazwa kwa ajili ya nini? Si kuhubiri. Kuchora ramani za kazi, kuchonga, kufua dhahabu. Na katika Ezekieli 4 Mungu anamwamuru nabii achukue tofali, aliweke mbele yake, achore juu yake mji wa Yerusalemu, kisha auzungushie maadui wake. Nabii aliyekuwa na maneno mengi kuliko wengi aliambiwa achore kwanza, watu watazame. Amri ya pili inakataza kusujudia. Hakuna mtoto wa ECODIM ambaye tumemkuta anasujudia bede, ingawa kuna waliolala nayo.

Hata baba zetu wa Matengenezo hawakuogopa. Mwaka 1521, kule Wittenberg, Lucas Cranach alichonga picha za kijitabu kidogo cha upande wa Luther: ukurasa mmoja Kristo anaosha miguu ya wanafunzi, ukurasa unaoelekeana nao Papa anabusiwa mguu. Jozi 13 za picha namna hiyo, na maneno machache chini. Mkulima asiyejua kusoma alielewa yote. Hatuwaombi muige ukali wa kijitabu kile kwa jirani zetu Wakatoliki, ambao mchana wa leo tumekopa kwao ngazi. Tunasema tu kwamba mtindo wa kuweka picha mbili pamoja ili msomaji mwenyewe aone tofauti ni wa zamani nyumbani mwetu.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema mabati ya upande wa kusini yanavuja. Ni kweli, yanavuja. Tukakubaliana nusu kwa mabati, nusu kwa vitabu. Vitabu vilipatikana kumi na vinne, vya mitumba, pamoja na pakiti mbili za kreyo na karatasi. Mabati hayakutosha, na upande wa akina mama bado wanasogeza mabenchi mvua ikinyesha. Hatufichi.

Kitabu kinachofundisha kuchora

Hiki ndicho kilichotushangaza zaidi, kwa sababu tulidhani kuchora ni kipawa: unacho au huna. Kitabu cha kufundisha kuchora kinakataa jambo hilo katika ukurasa wa kwanza. Kinakuambia chora yai. Pitisha mstari wa kusimama katikati, na mstari wa kulala katikati. Sasa weka macho juu ya ule mstari wa kulala.

Tulipofika hapo tulifikiri mwandishi amekosea. Macho yako juu karibu na paji la uso, kila mtu anajua. Lakini tulipimana kwa vidole, mchungaji akimpima mchungaji mbele ya watu: kutoka utosini hadi jichoni, kutoka jichoni hadi kidevuni. Ni sawa. Macho yako katikati kabisa ya kichwa. Tumetazama nyuso za watu kwa zaidi ya miaka arobaini, tumewazika na kuwabatiza, na hatukujua macho yao yako wapi.

Kinaendelea hivyo. Mwili wa mtu mzima una urefu wa vichwa vyake saba na nusu hivi. Mtoto mchanga vichwa vinne, na ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mkubwa anaonekana kama mzee mfupi. Kwanza unachora kwa kreyo bila kukandamiza, mistari mingi yenye makosa, halafu unapita juu ya ule ulio sahihi kwa biki, kisha unafuta mengine kwa gomu. Nyuso zote katika kitabu chetu ni za Wazungu, pua nyembamba na nywele za kulala. Watoto hawakuuliza ruhusa. Walipima pua za wenzao wakaendelea.

Na kitabu kinasisitiza kitu kimoja tena na tena: usichore unachokifikiri, chora unachokiona. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kukaa mbele yako, atulie, umtazame.

Hapa inabidi tuseme habari ambayo kwetu si nyepesi. Mnajua kwamba tangu Februari 2023 ugomvi wa mashamba ulioanzia Lubunga ulikuwa vita kati ya Wambole na Walengola, ukaingia katika teritware yetu. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, familia nyingi zikakimbia na magodoro vichwani. Watoto wa pande zote mbili wako katika ECODIM yetu. Tulipofungua sanduku na kugawa karatasi tulitarajia maua, mitumbwi, labda nyumba ya Nuhu. Wiki ya kwanza tulipata mapanga, paa zinazowaka, watu waliolala chini bila vichwa. Na adui kila mara alikuwa uleule: jitu jeusi lisilo na uso, au lenye meno.

Mwalimu mmoja alitaka kuzichoma karatasi zile. Sisi wenyewe usiku ule tulijiuliza kama tumefungua kitu ambacho hatuwezi kufunga. Hatukuzichoma. Tuliziweka katika bahasha, kila moja na tarehe, maana ni ushuhuda wa mtoto na hatuna haki ya kuuteketeza. Wiki iliyofuata tulirudi kwenye ukurasa wa yai. Tuliwapanga wawili wawili, mmoja akae, mwingine achore, kisha wabadilishane. Hatukuchagua nani na nani. Walihesabu moja, mbili, moja, mbili. Wawili walijikuta kila mmoja mbele ya mtoto wa upande mwingine. Hatutasema wa kabila gani alianza kuchora. Alikaa muda mrefu na kreyo haigusi karatasi. Kisha akamwambia mwenzake, bila kumtazama vizuri: "Inua kichwa, sioni macho."

Ndicho tulichosikia, hatuongezi. Hawakukumbatiana. Jumapili iliyofuata mmoja hakuja, mama yake alimzuia, akarudi baada ya wiki tatu. Katika michoro yake ya sasa bado kuna moto, lakini watu wana macho, na yako mahali pake.

Habari za maisha

Kundi la tatu la rafu ya chini ni vitabu ambavyo mtu anasimulia maisha yake mwenyewe. Kanisa linavijua tangu zamani: Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alifanya hivyo katika Maungamo yake zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Lakini ni nani amesimulia maisha ya hapa kwetu?

Mwaka 1951 Wamarekani walikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu yetu, wakati ule ikiitwa Ponthierville. Mcheza filamu Katharine Hepburn alipanda treni ileile tunayoingoja sisi leo. Alikaa kwetu majuma machache, na mwaka 1987 alitoa kitabu kizima juu ya safari ile. Wazee wetu wamekaa hapa miaka themanini na hawana hata daftari.

Tulipokuwa shule ya theolojia tulisoma kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme Leopold. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kizuri sana, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Lugha hii tunayohubiria ilifika kwenye maporomoko yetu pamoja na watu wake, hatuwezi kuikana. Lakini msome, na mtaona: pembe za ndovu anazihesabu kwa frasila, madeni anayakumbuka yote. Waliokamatwa na kufungwa kamba wanapita nyuma ya maneno yake kama kivuli.

Basi siku ile maktabani tulikuta fotokopi ya kitabu cha mmoja aliyefungwa kamba. Disasi Makulo alikuwa mtoto wa huku huku kwetu, upande wa mto Aruwimi, alipokamatwa na watu wa Tippu Tip. Mwaka 1883 Stanley alimnunua pamoja na watoto wengine. Baadaye akawa mikononi mwa George Grenfell, mmisionari wa Kibaptisti aliyefariki Basoko mwaka 1906, akasafiri naye mtoni, akawa katekista wake. Alipozeeka alimsimulia mwanawe, Makulo Akambu, na kitabu kilitolewa Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa. Bwana ana kitabu kwa Kiswahili, mtumwa wake ana kitabu kwa Kifaransa, na kama mtoto mmoja asingeketi na baba yake na karatasi, tungekuwa na cha bwana peke yake.

Tunaona kazi hiyo haihitaji chuo kikuu. Kule Lubumbashi, ambayo wakati ule bado iliitwa Elisabethville, André Yav aliandika mwaka 1965 historia ya mji kwa upande wa maboi waliopikia Wazungu, kwa Kiswahili cha mjini kama kilivyosemwa, bila kukisafisha. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia ya nchi yetu katika picha 101, akiifafanua moja moja kwa Kiswahili. Huyo wa pili, mkitutazama vizuri, alifanya mambo yote matatu ya rafu ya chini kwa pamoja.

Nasi tumejaribu. Msichana mmoja wa darasa la sita anakwenda kila Jumamosi kwa mzee aliyekuwa kibarua wa reli. Ana daftari na biki. Mdogo wake anakwenda na kreyo, anachora vitu ambavyo mzee anavieleza: taa ya mkono ya stesheni, kofia ya mkuu wa treni, namna magunia ya kahawa yalivyopangwa. Mzee anamrekebisha mchoraji zaidi kuliko mwandishi. "Hapana, kishikio kilikuwa juu." Wamefika ukurasa wa kumi na nne.

Katika ukurasa huo mzee amefika mwaka 1964, wakati Simba walipoingia Stanleyville na yote yaliyofuata. Alisema sentensi mbili, akanyamaza, akamwomba msichana amletee maji. Alipokunywa akasema leo basi, wasiandike. Msichana akatuuliza kama anapaswa kuruka mwaka ule na kuendelea na 1965. Tumemwambia asiruke, aache kurasa tupu za kutosha, na Jumamosi ijayo aende kama kawaida. Mdogo wake ameomba kreyo nyingine, ile ya kwanza imebaki kama ukucha.